Mwaka wa Geti la Ngazini

Mama Simran alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Dar es Salaam, mwiko mkononi, akaniambia mumewe, Bwana Jaswant, ametutoka. Hakulia. Alisema wameshamchoma kama desturi yao inavyotaka, watoto wamekuja kutoka ng'ambo na karibu wanaondoka, na lile jengo la karakana limeshapata mnunuzi. Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniitia chakula cha mchana, "Nsia, vitu vyako bado viko juu. Uje uchukue mwenyewe. Mimi magoti hayapandi ngazi tena." Nilimpa pole, nikakata simu, nikakaa kwenye kigoda mpaka mchuzi ukaungua. Mimi ni mtu mzima. Nimefundisha umeme chuoni miaka mingi, nimegombana na wakuu wa idara wakanyamaza wao. Lakini niliposikia neno ngazi, viganja vilitoka jasho. Na si kwamba nilimwogopa marehemu. Jaswant alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi, hata nilipomchukia sikumwogopa. Nilichoogopa ni geti.

Habari za wazazi wangu na namna nilivyopelekwa shule ya ufundi nitaziacha, zina mahali pake. Mwaka ninaousimulia ni mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, wakati kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe. Jaswant alikuwa Singasinga wa Moshi, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi, aliyeongea Kichagga cha Kibosho vizuri kuliko mimi niliyekulia bwenini. Katika mauzo yale yeye alinunua mashine ya kuchambua kahawa. Kwetu ilikuwa ajabu: punje zinaporomoka mbele ya jicho la umeme, na jicho likiona punje nyeusi au iliyooza, upepo unaipiga kofi inaangukia pembeni. Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa imekufa. Bodi yake, yaani ule ubao wa umeme unaofanya kazi ya ubongo, ilikuwa imepitiwa na mafundi wengi, kila mmoja aking'oa hiki na kuchomelea kile, na hakuna aliyejua tena kipi ni cha asili. Wenyewe walioitengeneza walikuwa wameshafunga kiwanda. Baada ya kuandika barua hadi akachoka, Jaswant alipata kutoka kwa mtu aliyewahi kufanya kazi huko bunda la karatasi za kompyuta, zile zenye matundu pembeni, na ndani yake hapakuwa na mchoro hata mmoja. Palikuwa na orodha tu ya nyaya na vifaa vidogo ambavyo zimevishika. Waya namba fulani umeshika resista ya saba mguu wa pili, kapasita ya tatu mguu wa kwanza, transista ya tano mguu wa kati, na kuendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa. Orodha ya namna hiyo inakuambia nani ameshikana na nani, haikuambii nani anafanya nini. Ni kama upewe majina ya watu wote walioshikana mikono harusini, kisha uambiwe umtaje bibi harusi. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza orodha ile iwe mchoro ambao fundi akiutazama anaelewa umeme unaingia wapi, unapita wapi na unafanya nini njiani.

Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam kilikuwa kimeniahidi nafasi mwezi wa tisa, ila ni lazima nifike na cheti changu halisi, nakala hawapokei. Jaswant alikichukua cheti hicho siku ya kwanza, akakiinua kwenye mwanga, akakifungia kwenye sefu. "Hii dhamana tu," alisema. "Nimeshafundisha vijana wawili, wote wamenikimbia. Wewe maliza mchoro, chukua chako, nenda chuo." Siku zile waajiri wengi walifanya hivyo na sikuona ajabu. Nilidhani ni miezi miwili mitatu. Aliyekunja uso ni shangazi yangu peke yake, dada yake baba, ambaye nilikuwa nikipanda kwake Kibosho kila Jumamosi, siku za kazi nikilala kwenye chumba nilichopanga Soweto, mtaa wa pale pale Moshi. "Kwa nini akae nacho yeye?" aliniuliza. "Wewe ni mbuzi, ufungwe kamba?" Nikamwambia asijali.

Chumba cha kazi kilikuwa juu ya karakana. Kilikuwa na meza ya mninga, taa moja ya kuning'inia, na dirisha la nondo lililotazama mlima. Mlima ulionekana asubuhi tu. Saa nne mawingu yakishaufunika nilibaki na mabati ya jirani. Chini yangu kulikuwa na ukumbi ambako akina mama walichambua kahawa kwa mikono, wamepangana kwenye meza ndefu, na maneno yao yalipenya mbao za sakafu mpaka nikajua mambo ya kila mmoja. Nilijua ni mume wa nani aliyehamia Chekereni kwa mwanamke mwenye majaruba ya mpunga, na nani alitia chumvi mara mbili kwenye mtori wa mkwewe akasingizia mtoto. Wao hawakuniona. Na mwisho wa ngazi, huko chini, kulikuwa na geti la nondo. Jaswant alikuwa na hofu ya wezi, kwa hiyo kila alipokwenda benki, au Kahe kutengeneza pampu za watu, alilifunga kwa kufuli akaondoka na ufunguo. "Ni kwa usalama wako," alisema. Choo kilikuwa nje ya geti. Nilijifunza kutokunywa chai asubuhi. Mama Simran, ambaye nyumba yao iko nyuma ya karakana, alinipitishia chakula kwenye nondo, chapati zilizokunjwa, bakuli la dengu, achari ya embe. "Kula mwanangu, mzee atarudi sasa hivi," alisema, na yeye mwenyewe hakuwa na ufunguo. Nilikula nimekaa kwenye ngazi ya mwisho, yeye amekaa upande wa pili juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukizungumza habari za hali ya hewa, wote wawili tukijifanya hatuoni nondo. Nilikuwa na huzuni mwaka ule, huzuni nzito ya mtu ambaye hawezi kumwambia yeyote kwamba amefungwa, maana kila jioni anafunguliwa.

Kazi yenyewe niliipenda, na hilo lilifanya mambo yawe mabaya zaidi. Nilikata maboksi ya majani ya chai kuwa vipande vidogo, kila kipande nikakiandika jina la kifaa chake, nikavipanga mezani na kuviunganisha kwa nyuzi za cherehani ya Mama Simran. Nyuzi zikikatizana sana najua nimepanga vibaya, nafungua, nasogeza, nafunga tena. Hakuna aliyenifundisha wapi pa kuanzia, basi nilianza na nilichokijua. Kibosho kila kitu kina juu na chini. Juu ni mlimani, chini ni Kahe, na maji ya mfereji yanatoka juu yanashuka kihamba hadi kihamba, yaani shamba la migomba la kila nyumba, mpaka yanaishia tambarare. Nikapanga umeme hivyo hivyo: unaingia juu ya karatasi, unashuka ukifanya kazi, unaishia chini. Iliniongoza vizuri. Taratibu orodha ikaanza kuwa na sura. Kikundi hiki cha vipande kinakuza kile ambacho jicho limekiona, kile kinaamua punje ni nzuri au mbaya, kile kingine kinafungua upepo. Siku kama hizo nilisahau geti hadi nikasikia kufuli likigongana na nondo.

Asubuhi moja Mama Manka, mwenye ulimi kuliko wote pale chini, aliipiga dari kwa mpini wa fagio. "Wewe binti wa juu! Usiharakishe bwana! Ukimaliza wewe, na sisi tumekwisha!" Wenzake wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi, ingawa alikuwa amesema kweli. Nikimaliza, mashine inachukua kazi yao. Nisipomaliza, mimi naozea pale. Jaswant alikuwa amesimama mlangoni pangu na alisikia kila kitu.

Kisha nikakosea. Lilikuwa kosa la resista moja, kifaa kidogo cha kupunguza umeme. Orodha ilisema mguu wake mmoja umeshika waya wa mwisho, ule unaotoka, na mguu wa pili umeshika waya wa mwanzo, ule unaoingia. Nilisoma, nikarudia kusoma. Nikasema hapana, hapa kompyuta imekosea. Maji yakishashuka hayarudi kwenye mlango wa mfereji; kilichofika mwisho kirudi mwanzo kufanya nini? Nikauondoa mguu ule wa pili kule orodha ilikouweka, nikaupeleka chini ya karatasi ambako mengine yote huishia. Mchoro ulipendeza ajabu. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliopanda. Jaswant aliushika kwa mikono miwili, akaniita mwanangu, akashuka nao, akaitengeneza bodi nzima upya kwa kuufuata.

Walipoiwasha nilikuwa nimesimama nyuma ya akina mama. Kahawa ikaanza kuporomoka, na mashine ikapuliza. Ikapuliza punje nyeusi, ikapuliza punje nzuri, ikapuliza kila kilichopita bila kupumzika, mpaka kahawa safi ya watu ikatapakaa sakafuni na nyingine ikaingia kwenye mikunjo ya kilemba cha Jaswant. Mama Manka akashindwa kujizuia, akacheka kwa sauti. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Jaswant akanigeukia, uso mwekundu. "Umefanya makusudi," alisema. "Niliwasikia. Mmepatana. Unakula nyumbani kwangu, halafu unaniharibia mashine kwa ajili ya hawa?"

"Bwana, mimi sijafanya hivyo."

"Panda juu! Hutoki kwangu mpaka itembee. Hicho cheti kitaozea ndani ya sefu."

Akanifungia geti huku yeye mwenyewe yumo karakanani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nililia juu ya vipande vyangu vya boksi, na kule chini, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, akina mama walichambua kahawa kimya. Nilimchukia. Nilijichukia na mimi pia, kwa kuwa sikujua kosa liko wapi, na bila kulijua sikuwa na njia ya kutoka.

Jioni alinifungua kama kawaida. Jumamosi nilipanda kwa shangazi nikiwa sina hata hamu ya kusalimia watu. Ilikuwa zamu yetu ya maji. Shangazi hakuniuliza kitu, akanipa jembe na kunituma juu kwenye mlango wa mfereji, penye kizibo cha udongo na magome ya mgomba, yeye akabaki chini kabisa, kwenye migomba ya mwisho. Nikafungua. Sikuweza kumwona, majani yalimficha. Baada ya muda nikasikia, "Nsia! Punguza! Yanafurika huku!" Nikaziba kidogo. "Ongeza! Hayafiki kwenye maharage!" Nikafungua kidogo. Nikasimama pale, matope hadi kwenye vigimbi, nikaanza kucheka peke yangu. Maji hayakuwa yamerudi juu. Kilichorudi ni sauti yake, kutoka mwisho wa shamba hadi mwanzo wa mfereji, kuniambia nizidishe au nipunguze. Bila sauti ile ningefungua yote na kugharikisha kihamba, kama mashine ilivyogharikisha kahawa. Resista niliyoihamisha ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele hizo.

"Umelala huko juu?" shangazi aliita.

"Hapana shangazi! Nimepata!"

"Umepata nini? Punguza maji!"

Jumatatu nikachora upya, mstari mmoja ukitoka mwisho na kupanda kurudi mwanzo, juu ya mingine yote. Nikauchora kwa wino mwekundu ili asije mtu akaufuta kama nilivyoufuta mimi. Jaswant akaurudisha mguu wa resista mahali pake bila kunitazama. Mashine ikapuliza punje nyeusi, ikaziacha nzuri. Safari hii hakuna aliyecheka. Haukupita muda, nusu ya meza kule chini zikabaki tupu, na Mama Manka akaondoka na mto wake wa kukalia, akanipungia mkono kupitia nondo. "Si kosa lako, mwanangu," alisema, na maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilikuwa nimemaliza. Nikaenda kusimama mbele ya sefu, huko huko juu, nikangoja. Jaswant akaja na bunda jipya la karatasi zenye matundu. Alikuwa amenunua mashine ya pili, ya aina nyingine. "Hii moja tu, Nsia," alisema, tena kwa upole, na ni upole huo ulionitia hofu ya kweli. Mtu anayefoka utamngoja achoke. "Ukiondoka nani atanichorea? Chuo kipo. Hata mwakani kipo." Nikaona miaka yangu yote imepangwa juu ya ile meza ya mninga. Nikashuka, nikapita getini likiwa wazi, nikaacha penseli zangu na kila kitu changu, nikashika njia ya Kibosho kwa miguu. Kesho yake sikurudi, wala keshokutwa. Chuo kilikuwa kinapokea wanafunzi wiki iliyofuata, na cheti kilikuwa ndani ya sefu.

Alhamisi, tukiwa tunamenya ndizi za kiburu, pikapu ya Jaswant ikasimama kwenye njia ya kihamba. Alishuka akiwa ameshika isale. Jani hilo refu la kijani ndilo tunalolipanda mipakani, na kwetu Wachagga mtu aliyekukosea akija nalo mkononi, huwezi kumkatalia. Hata awe amefanya nini, unasamehe. Nilipoliona nilihisi geti linafungwa tena, safari hii uani kwa shangazi yangu mwenyewe.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba. Hilo umemletea nani?"

"Nsia. Nilimtukana mbele ya watu. Nilisema amefanya makusudi, na hakufanya. Naomba anisamehe." Akaninyooshea jani. "Na arudi kazini."

Shangazi alilitazama jani, hakumtazama yeye. "Nsia, umesikia. Unasemaje?"

"Nimesamehe," nikasema, kwa kuwa jibu jingine halipo, nikalipokea.

Jaswant akashusha pumzi. "Asante. Asante sana. Basi kesho asubuhi..."

"Kesho kuna nini?" shangazi akauliza. "Umeomba msamaha, umepewa. Isale haliombi mfanyakazi. Ungekuwa mgeni ningekueleza taratibu, lakini wewe umezaliwa hapa, unajua vizuri."

"Mama, mimi sina mtu mwingine."

"Najua. Na ninakuhurumia." Alifuta kisu kwenye kanga yake. "Lakini huwezi kunishikia isale mkono huu, na huu mwingine umeshika cha mtoto. Kiko wapi?"

Nilitegemea aseme kiko mjini, kwenye sefu, tukifuate kesho. Jaswant akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa cheti changu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni wa mkate. Alikuwa amekuja nacho. Mpaka leo sijui alikitoa kwenye sefu akikusudia nini, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Shangazi akamvutia kiti, kiburu kilipoiva akampakulia, naye akala sahani yote huku machozi yakimlenga. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Penseli zako ziko juu. Pita uchukue kabla ya basi."

"Nitapita," nikasema.

Sikupita. Siku ya safari niliona paa la karakana kutoka stendi na miguu ikakataa. Nilijiambia nikipanda ngazi zile nitasikia kufuli nyuma yangu. Nikaenda chuo, nikafundisha chuo hicho hicho, na kila Krismasi tunaporudi nyumbani, nikifika mjini nilizunguka barabara nyingine ili nisipite pale. Kazini nilikataa ofisi yenye mlango wa nondo, wakadhani naringa. Jaswant alikuja kwenye msiba wa shangazi, akanipa mkono, akasema, "Penseli zako bado zipo." Nikacheka, nikamuuliza habari za watoto.

Sasa nimekuja. Mama Simran nywele zimekuwa nyeupe zote, amenipokea kwa chai yenye iliki, nami nimeinywa yote. Tumetembea hadi karakanani akiwa ameniegemea begani. Ukumbi ni mtupu. Geti lipo, limeshika kutu, limefunguliwa likagusa ukuta, na pale palipokuwa na masikio ya kupitishia kufuli pamekatwa kwa msumeno, chuma kimebaki laini.

"Kufuli liko wapi?" nikauliza.

"Kufuli gani? Lile?" Alifikiri kidogo. "Alilikata wiki ile ile ulipoondoka. Akakata na masikio yake. Alisema ukija kuchukua penseli usilikute. Ila hukuja."

Hakusema kwa lawama. Nilipanda. Mchoro wangu ulikuwa bado umebandikwa ukutani, karatasi imegeuka rangi ya chai, mstari mwekundu ukipanda kurudi mwanzo. Penseli zilikuwa kwenye kopo juu ya meza ya mninga, zote zimechongwa, na mimi sikuziacha zimechongwa. Nikalichukua kopo, nikashuka hadi ngazi ya mwisho. Miaka yote ile nilikuwa nakimbia geti ambalo mtu yeyote angeweza kulisukuma kwa kidole. Nikakaa pale pale nilipokuwa nikila chapati, nikalia kama mtoto. Mama Simran alivuta ndoo, akataka kuikalia upande wake wa nje kama zamani. Kisha akaiacha, akaingia, akashikilia ukuta, akajishusha taratibu na magoti yake mabovu, akakaa ngazini kando yangu.